Besi ya Betri Haiunguzi Amplifaya: Anza Kukagua Spika

Huku Mtwara, ukiingia ukumbini na gitaa la besi linalotumia betri, swali huwa linakusubiri kabla hujafungua begi: "Kaka, hilo la betri halitatuunguzia amplifaya?" Nimeulizwa na walimu wa kwaya, nimeulizwa na vijana wa mitambo kwenye harusi za msimu wa korosho kule Tandahimba na Newala, na kuna ukumbi mmoja walinikatalia kabisa, ikabidi nipige besi ya kuazima yenye nyuzi zilizoshika kutu. Nawaelewa. Amplifaya ya kanisa au ya kikundi ni ya mchango, na ikifa haijulikani itapona lini. Ila hofu imeelekezwa siko. Tunalinda tundu la gitaa huku amplifaya zinakufa kwa mambo mengine kabisa.

Jibu langu ni kwamba haiunguzi, na sababu inaeleweka bila kusomea umeme.

Ndani ya besi ya aina hii kuna saketi ndogo ya kukuza sauti, wapigaji tunaiita priampu. Inakula betri moja ya volti 9, au mbili zilizoungwa kufikia 18. Priampu haiwezi kutoa volti ambazo betri haikuipa. Kwa betri moja, wimbi zima la sauti, kutoka kilele cha juu hadi cha chini, haliwezi kuvuka volti 9, yaani 4.5 juu na 4.5 chini, na mara nyingi halifiki hata huko. Kwa upande wa pili, tundu la gitaa kwenye amplifaya nyingi za besi lina ukinzani, yaani uzuiaji wa umeme, wa karibu omu milioni 1. Gawanya 4.5 kwa milioni, unabaki na mikroampea 4.5. Umeme mdogo kiasi hicho hauunguzi transista wala kitu kingine. Nguvu inayounguza inatoka kwenye soketi ya ukutani, na inapita kwenda kwenye spika.

Tena besi hizi si za jana. Music Man StingRay, mojawapo ya zile zilizosambaza mtindo huu, ilitoka mwaka 1976, na watengenezaji wa amplifaya wanazijua vizuri. Ndiyo maana amplifaya nyingi zina matundu mawili, au kitufe pembeni ya tundu kilichoandikwa "active". Kitufe hicho kinapunguza sauti inayoingia kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10 au zaidi kidogo, yaani volti zinabaki kama theluthi moja. Usipokibonyeza, hatua ya kwanza ya amplifaya inazidiwa na sauti inakwaruza. Inaudhi masikio, lakini amplifaya haijaumia. Punguza geini, ile nobu ya nguvu ya sauti inayoingia, yamekwisha. Na kuna besi za kawaida zisizo na betri ambazo ukizipiga kwa nguvu kwa kidole gumba zinatoa sauti kubwa kuliko baadhi ya hizi za betri, na hakuna anayeziuliza chochote.

Palipo na hatari ya kweli ni kwenye spika, na hapa naomba tuelewane vizuri.

Besi ya betri ina nobu ya kuongeza besi, yaani sauti nzito za chini, moja kwa moja kwenye gitaa. Ongezeko la desibeli 10 linamaanisha amplifaya inatakiwa kutoa nguvu mara 10 kwenye zile sauti za chini. Ulikuwa unapiga kwa wati 20, umezungusha nobu, sasa unadai wati 200. Amplifaya ikiwa ya wati 100, haina pa kuzitoa, inakata vilele vya wimbi, na wimbi lililokatwa linabeba nguvu nyingi kuliko ile iliyoandikwa nyuma ya boksi. Joto lote hilo linaishia kwenye koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi ya spika. Ukiwa na besi ya nyuzi tano hali inazidi, kwa sababu ule uzi wa B unashuka hadi hezi 31, yaani mitetemo 31 kwa sekunde, na maboksi mengi madogo hayawezi sauti hiyo. Ondoa wavu wa mbele siku moja, piga uzi huo taratibu, utazame karatasi ya spika. Utaiona inakwenda mbele na nyuma kwa mwendo mrefu wakati sauti yenyewe huisikii sana. Hapo spika inateseka bure. Rudisha nobu katikati, na ukitaka besi ijae, kaa karibu na ukuta au tumia boksi kubwa zaidi.

Kupima kama koili imeshaumia ni rahisi. Zima kila kitu, weka vidole vya mikono yote miwili kuzunguka katikati ya karatasi, sukuma polepole kwa usawa. Ikirudi kimya, ni nzima. Ukisikia kitu kinakwaruza ndani kama mchanga, koili imepinda au imeungua, na kuendelea kuitumia ni kuhatarisha amplifaya yenyewe, kwa sababu koili ikishikana inaweza kuleta shoti.

Jambo lingine ni mshindo wa kuchomeka. Jeki ya besi ya betri ndiyo swichi yake: ukiingiza waya, priampu inawaka. Amplifaya ikiwa imewashwa na volyumu iko juu, utasikia "puu!" na spika yote inaruka. Tiwita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, haipendi mshindo huo hata kidogo. Chomeka kwanza, ndipo upandishe volyumu. Kuchomoa, shusha kwanza. Nikiona mtu anachomoa waya huku kila kitu kiko juu, moyo unaniuma.

Sasa muuaji mkubwa, ambaye kwenye harusi zetu haulizwi swali hata moja: omu za spika. Amplifaya imeandikwa nyuma kwamba mwisho wake wa chini ni omu 4. Boksi moja la omu 8 ni sawa. Mawili ya omu 8 sambamba yanakuwa omu 4, umefika ukingoni. Wageni wanaongezeka, mwenye shughuli anataka sauti ifike hadi barabarani, linatafutwa boksi la tatu. Sasa uko chini ya omu 3. Amplifaya inavuta umeme kuliko ilivyoundwa, inachemka, na kama haina kinga nzuri, transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, zinaungua. Asubuhi yake lawama anabebeshwa mpiga besi. Soma maandishi ya nyuma ya boksi kabla ya kuunganisha. Yakiwa yamefutika, tumia mita: boksi la omu 8 husoma kama 6, la omu 4 husoma kama 3.

Jenereta nalo liangaliwe. Mafuta yakikaribia kuisha linapumua, volti zinapanda na kushuka, na vifaa vyetu vinataka 230. Weka stabilaiza. Na fyuzi ikikatika, tafadhali usifunge uzi wa waya mahali pake. Fyuzi imekatika ili kitu kingine kipone.

Mwisho niseme kuhusu betri, kwa sababu ndiyo inayozaa uvumi mwingi. Betri ikichoka, priampu inakosa nafasi, sauti inaanza kukwaruza na kufifia katikati ya wimbo, na kila mtu anaitazama amplifaya. Pima betri kwa mita: mpya inasoma juu kidogo ya 9, na ikishuka chini ya 7.5 mimi naibadilisha bila kusubiri. Nunua ya alkalini, zile za bei rahisi hazidumu. Usiache waya umechomekwa kwenye gitaa usiku kucha, betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi. Na kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, Shangani, Mikindani au kule Lindi mjini, gitaa likikaa wiki kadhaa bila kupigwa, toa betri kabisa. Chumvi ya hewani inashika vibanio vya betri, vinaota ukungu wa kijani, halafu sauti inakatika-katika. Vifute kwa kitambaa chenye spiriti, vikauke, ndipo urudishe betri.