Jibu: Uvimbe wa taya wa mtoto na jicho la baba yake

Mama, umeuliza kama uvimbe wa taya wa mtoto wa jirani yenu huko Kadutu, mjini Bukavu, ambao daktari ameuita limfoma ya Burkitt (saratani ya chembe nyeupe za damu), unaweza kuwaambukiza wanaokula naye sahani moja, na kama unahusiana na baba yake aliyetolewa jicho utotoni kwa sababu ya saratani.

Saratani yenyewe haiambukizi. Tafadhali waacheni watoto wale naye. Kinachoambukiza ni kirusi cha Epstein-Barr, kilichotambuliwa mwaka 1964, ambacho hupita kwa mate na ambacho karibu watoto wetu wote hukipata wakiwa wadogo bila kuugua saratani. Malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga inayokidhibiti na kuchochea seli B (aina ya chembe nyeupe za damu) kuzaliana, hadi katika seli moja jeni MYC, inayoamuru seli kukua, ihame mahali pake kwenye kromosomu 8 (mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni), nayo seli hiyo izaliane bila kikomo. Hitilafu hiyo hairithiwi.

Jicho la baba ni jambo jingine, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Ikiwa ilikuwa retinoblastoma (saratani ya jicho ya utotoni), na ikiwa amebeba mwilini mwote hitilafu ya jeni RB1, ambayo ndiyo huleta saratani hiyo, kila mtoto wake ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi. Wadogo wa mtoto huyo wapelekwe kwa daktari wa macho sasa, kabla weupe haujaonekana kwenye mboni. Na huyo mwenye uvimbe asicheleweshwe kuanza dawa, kwa maana Burkitt hukua upesi mno, lakini pia huitikia kemotherapi upesi.