Kabla hujatangaza kuwa msitu umekatwa, uliza picha ni ya mwezi gani

Ramani yangu ya kwanza ya upotevu wa msitu ilikuwa nyekundu tupu. Nilikuwa na picha mbili za Landsat, setilaiti za Marekani, za eneo moja, zimepishana miaka kumi. Nikapima ukijani wa kila picha, nikatoa wa sasa kwenye ule wa zamani, kompyuta ikanijibu kwamba karibu robo ya msitu imetoweka. Naona haya kukiri, lakini nilifurahi. Nilidhani nimegundua jambo. Nikaandika ripoti ya kurasa nne, nikampelekea mzee mmoja wa kazi hizi, mtu aliyeanza kusoma picha za angani enzi za filamu. Hata ukurasa wa pili hakuufungua. "Kijana," akaniuliza, "picha hizi ni za miezi gani?"

Ya zamani ilipigwa mvua zikiishia. Mpya ilipigwa katikati ya kiangazi. Na msitu ule ni wa miti inayopukutisha majani kila kiangazi. Kumbe sikuwa nimepima miti iliyokatwa, nilikuwa nimepima majani yaliyoanguka.

Kama nawe unaanza kufuatilia misitu kwa picha za setilaiti, anzia hapo nilipojikwaa. Setilaiti haioni msitu, inaona mwanga. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Kipimo kinachotumika sana, NDVI, ni infraredi ukitoa nyekundu, kisha ukagawa kwa jumla ya hizo mbili. Jibu huwa kati ya -1 na 1, na kadiri majani yanavyokuwa mengi ndivyo linavyopanda. Basi. Hakuna mahali kipimo hicho kinapojua neno "mti". Nyasi zilizonyeshewa vizuri au shamba lililostawi vinaweza kupata alama nzuri kuliko msitu ulio katika kiangazi chake cha kawaida.

Dawa ya haraka ni kulinganisha mwezi kwa mwezi, Februari kwa Februari. Lakini dawa yenyewe hasa ni kuachana na mtindo wa picha mbili. Mtindo huo tumeurithi kutoka enzi picha zilipokuwa zinauzwa, mtu anajinyima ili anunue moja au mbili. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na hazina yake yote ikafunguliwa bure mwaka 2008. Leo Landsat 8 na 9 zikipokezana hupita juu ya kila mahali baada ya siku 8, na jozi ya Sentinel-2 za Ulaya, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2015, hupita kila baada ya siku 5. Kwa hiyo chukua pikseli moja, yaani kimraba kimoja kidogo kati ya vile vinavyounda picha, ipange kwa miaka yote, uitazame kama mstari. Majani yakipukutika na kuchipua, mstari unapanda na kushuka kama wimbi, mwaka baada ya mwaka. Miti ikikatwa, unaanguka ghafla na kubaki chini. Ukishaona mistari hiyo miwili kwa macho yako mara chache, huwezi kuichanganya tena.

Kuhusu programu sina mengi. QGIS ni ya bure na inatosha kwa ramani. Google Earth Engine inakuwezesha kufanya hesabu hukohuko picha ziliko bila kupakua chochote, na hilo ni jambo kubwa kama intaneti yako inasuasua. Chagua moja uizoee.

Mawingu nayo yatakutesa, hasa ukanda wa ikweta, ambako unaweza kupitia picha za miezi kadhaa usipate hata moja safi. Hapo ndipo rada ya Sentinel-1, setilaiti nyingine ya Ulaya, inapookoa jahazi, maana inapenya mawingu na inaona usiku. Ila usiiamini kupita kiasi: mvua ikilowesha ardhi, au mlima ukiwa mkali, rada nayo hudanganya. Na vivuli vya mawingu ni vibaya kuliko mawingu yenyewe. Wingu linaonekana, lakini kivuli chake kinajifanya eneo lililoungua.

Kuna kichekesho kimoja. Niliwahi kupata "ukataji miti" uliojipanga kwa mistari iliyonyooka, sambamba, kutoka ukingo mmoja wa ramani hadi mwingine. Wakata miti gani hao wanaofuata rula? Nilikuwa nimechanganya picha za Landsat 7 bila kukumbuka kwamba mwishoni mwa Mei 2003 kifaa chake kimoja kiliharibika, na tangu hapo kila picha ikawa na michirizi mitupu inayokula zaidi ya sehemu moja ya tano ya eneo. Picha hizo bado zina kazi yake, mradi michirizi uiondoe kwanza.

Sasa nije kwenye jambo linaloleta ugomvi mwingi kuliko yote: neno lenyewe "msitu".

Ramani maarufu duniani ya mabadiliko haya ni ile ya Chuo Kikuu cha Maryland, iliyotolewa mwaka 2013 na timu ya Matthew Hansen kwa kutumia Landsat, na ndiyo unayoiona ukifungua tovuti ya Global Forest Watch. Mara ya kwanza ilipotoka ilionyesha kilomita za mraba milioni 2.3 za miti zilizopotea kati ya mwaka 2000 na 2012. Watu wengi husoma hapo "misitu iliyofyekwa". Sivyo inavyosema. Inapima mfuniko wa miti, yaani mimea yoyote inayozidi urefu wa mita 5. Shamba la miti ya mbao likivunwa kwa ratiba yake, linahesabiwa kuwa limepotea. Moto ukiteketeza miti, mfuniko huo nao unahesabiwa kuwa umepotea. Michikichi iliyopandwa baada ya msitu wa asili kufyekwa, ikishafika mita 5, ni mfuniko wa miti kama mwingine wowote.

FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, wao wanaangalia matumizi ya ardhi. Kwao msitu ni eneo la angalau nusu hekta, miti ya mita 5 au inayoweza kufika huko, na mfuniko wa zaidi ya asilimia 10, yaani sehemu ya ardhi inayofunikwa na matawi. Shamba la miti lililovunwa na litakalopandwa upya bado ni msitu hata kama leo ni visiki vitupu. Lakini shamba la michikichi si msitu, hata likiwa la kijani namna gani. Nenda Brazil, mfumo wa PRODES wa INPE, taasisi yao ya utafiti wa anga, unahesabu ufyekaji wa msitu wa asili wa Amazon, na mwaka wake unaanza Agosti na kuisha Julai. Weka namba za hawa watatu kwenye jedwali moja, kisha mtu akuulize kwa nini hazilingani. Haziwezi kulingana! Kila mmoja anajibu swali lake.

Ndiyo maana siku hizi, kabla sijafungua picha yoyote, naandika kwenye karatasi: hapa msitu ni nini, miti ya kupandwa imo au haimo, mwaka unaanza lini. Na ukitumia ramani ya Maryland, andika pia kiwango cha mfuniko ulichochagua. Global Forest Watch huanza na asilimia 30, ukishusha au kupandisha, hekta zako zinabadilika bila mti hata mmoja kuguswa. Usichukue upotevu ukautoa kwenye ongezeko ili upate "hasara halisi" ya kila mwaka. Upotevu hutolewa mwaka kwa mwaka, ongezeko hutolewa kwa kipindi kizima, na mbinu za kuvipima ni tofauti.

Kosa langu la mwisho lilinichukua miaka kulielewa, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Nilikuwa nahesabu pikseli. Pikseli ya Landsat ni mita 30 kwa 30, kumi na moja hivi zinafanya hekta, basi nilikuwa nazidisha na kutangaza. Ramani yangu ilikuwa sahihi kwa asilimia 99, kwa nini nisijiamini?

Tuchukue mfano. Una eneo la hekta 100,000, na msitu uliokatwa kweli ni hekta 1,000. Programu yako ni hodari, imezinasa zote. Zile 99,000 ambazo hazijaguswa, inazikosea kwa asilimia moja tu. Asilimia moja ya 99,000 ni 990. Ramani yako sasa inasema hekta 1,990 zimekatwa, karibu mara mbili ya ukweli, na bado ni sahihi kwa asilimia 99. Mabadiliko ni kitu adimu, na kosa dogo kwenye eneo kubwa linakimeza kitu adimu chote.

Kinachosaidia ni kazi ya mikono. Kompyuta ichague nukta kwa bahati nasibu, nyingine kwenye eneo ambalo ramani inasema limekatwa na nyingine kwenye eneo ambalo inasema limesalimika, kisha wewe ukae uzitazame moja moja kwenye picha zenye maelezo zaidi, uandike unachokiona. Mia tatu ni mwanzo mzuri. Inachosha, macho yanauma, na ukifika nukta ya 150 unatamani kuacha. Mtafute mtu wa pili azirudie bila kuona majibu yako. Mtakapotofautiana, hapo ndipo mtakapojifunza. Hekta zako zihesabu kutokana na nukta hizo, na useme wazi zinaweza kuyumba kiasi gani juu na chini.

Ile ramani nyekundu niliirudia mwaka jana, kwa udadisi tu. Safari hii nilitumia mfululizo mzima wa picha badala ya mbili, nikazipitia nukta zote. Ile robo ya msitu ipo pale pale, na majani hurudi kila mvua. Lakini ukingoni, upande wa mashariki, kuna ukanda mwembamba unaofuata barabara mpya, na pikseli zake zote zilianguka mwaka mmoja zisiinuke tena. Ukanda huo ulikuwemo tangu ramani ya kwanza. Sikuuona kwa sababu kila kitu kilikuwa chekundu.