Dawa haifungi protini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomea famasia. Katika ripoti yangu nimeandika: "Ujifunzaji wa kina hutabiri nguvu ya dawa kufunga protini." Ujifunzaji wa kina ni deep learning, kompyuta kujifunza kutokana na mifano mingi. Msimamizi wangu amelizungushia "hutabiri" wino mwekundu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Wino umekwenda pasipo pake. Kutabiri tumelitoa kwenye Kiarabu, kwenye kufasiri ndoto, na watu wa hali ya hewa wameshatuzoesha. Ningependa "hukadiria", maana kompyuta inatoa namba, lakini kwa hilo sigombani na mtu.

Nagombana na "kufunga". Mwambie mama mwenye mtoto anayeharisha kwamba dawa hii inafunga. Atashukuru, akijua tumbo litatulia. Hiyo ndiyo maana ya dawa kufunga, na wagonjwa wanaijua. Wewe unataka kueleza jambo jingine kabisa. Imatinib, dawa ya saratani ya damu, huingia kwenye kishimo cha protini ya ABL, ikakaa humo na kuziba nafasi ya ATP, kemikali ambayo protini hiyo huihitaji ili ifanye kazi. Kamba iko wapi hapo?

Neno tunalo: kushika. Fundi akishamwaga sakafu jioni, asubuhi huigusa kwa kidole na kusema, "Imeshika." Rangi hushika kwenye kitambaa, gundi hushika kwenye mbao. Na vitu hivi hushika kwa viwango: gundi imeshika kidogo, imeshika barabara, imeanza kuachia. Viwango hivyo ndivyo utafiti wenu unavyovitafuta. Programu ya DeepDTA, iliyotolewa mwaka 2018 na watafiti wa Istanbul, husoma dawa na protini kama mifuatano ya herufi, kisha hukadiria mshiko wao. Jedwali mojawapo iliyojifunzia lina dawa 68 na protini 442, yaani jozi 30,056, kila jozi na namba yake. Namba hiyo ni kiasi cha dawa kinachotosha kushika nusu ya protini, kwa hiyo ikiwa ndogo, mshiko ni mkali. Sasa ukiandika "kiwango cha kufunga kimeshuka", msomaji aelewe dawa imekaza au imelegea? "Mshiko umekaza" halina utata.

Msimamizi akitaka "hukadiria", mpe. Sentensi iwe hivi: "Ujifunzaji wa kina hukadiria nguvu ya mshiko wa dawa kwenye protini." "Kufunga" lifute ripoti nzima, hata kwenye vichwa vya majedwali.