Kolesteroli na moyo: wanaotilia shaka wana hoja?

SWALI: Nimesoma kuwa karibu nusu ya wanaolazwa kwa maradhi ya moyo wana kolesteroli ya kawaida. Basi inahusikaje?

JIBU: Takwimu ni ya kweli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliangalia vipimo vya wagonjwa zaidi ya 130,000 waliolazwa, na karibu nusu walikuwa na LDL (kolesteroli iitwayo “mbaya”) chini ya 100 mg/dL. Lakini takriban mmoja kati ya watano alishakuwa anatumia dawa za kuishusha, na mshtuko wa moyo wenyewe huishusha LDL ndani ya siku chache. Kipimo cha siku ya kulazwa hakisemi lolote kuhusu miaka 30 iliyotangulia, na ndiyo miaka ambayo mafuta yalikuwa yakijipachika kwenye ukuta wa ateri. Tena sigara, kisukari na shinikizo la damu huuharibu ukuta huo, hata LDL ya wastani ikapata pa kupenya.

SWALI: Mnajuaje kuwa LDL ndiyo chanzo, si kitu kinachoambatana tu na ugonjwa?

JIBU: Kwa kuwaangalia waliozaliwa hivyo. Takriban mtu 1 kati ya 250 ana kasoro ya kurithi inayolifanya ini lishindwe kuiondoa LDL ya kutosha kwenye damu. Aliyeirithi kwa baba na kwa mama anaweza kupata mshtuko wa moyo akiwa bado mtoto. Joseph Goldstein na Michael Brown walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kuonyesha jinsi seli zinavyoinasa LDL.

Upande wa pili wapo wenye jeni ya PCSK9 iliyolemaa; kwa kawaida jeni hiyo hulipunguzia ini uwezo wa kuiondoa LDL. Katika utafiti wa 2006, Wamarekani weusi wenye hali hiyo walikuwa na LDL pungufu kwa 28%, na maradhi ya mishipa ya moyo kwao yalikuwa pungufu kwa 88%. Dawa za miaka mitano hazifikii hapo. Wao LDL yao imekuwa chini tangu kuzaliwa. Hoja ya “inaambatana tu” hapa haina mashiko.

SWALI: HDL yangu (kolesteroli iitwayo “nzuri”) iko juu sana. Nimekingwa?

JIBU: Hapana. Dawa ya torcetrapib iliipandisha HDL vizuri tu, lakini jaribio lake lilisimamishwa mwaka 2006 baada ya vifo kuongezeka.

SWALI: Nimeambiwa statini (dawa ya kushusha LDL) itanipunguzia hatari kwa 20%. Ni nyingi?

JIBU: Uliza kwanza: 20% ya ngapi? Hapa wenye shaka wana haki kabisa. Kushusha LDL kwa 1 mmol/L hupunguza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa takriban moja ya tano. Ikiwa hatari yako ya miaka kumi ni 3%, itashuka hadi 2.4%, yaani watu 6 kati ya 1,000 wananusurika. Ikiwa ni 30%, wananusurika 60. Dawa ni ileile, uamuzi unaweza kuwa tofauti.

SWALI: Nikague nini kwenye majibu ya maabara?

JIBU: Vizio kwanza: mmol/L zidisha kwa 38.67 upate mg/dL. Kisha toa HDL kwenye kolesteroli yote. Kinachobaki ni kolesteroli iliyomo kwenye chembe zote zinazoweza kuziba mishipa, na huhitaji kufunga kula ili kukipata. LDL mara nyingi haipimwi, hukokotolewa, na kanuni iliyozoeleka haifai triglisaridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) zikizidi 400 mg/dL. Kama ulikuwa mgonjwa karibuni, rudia kipimo baada ya wiki kadhaa.