Kwa unayeanza kujitolea Ufilipino: kitabu kianzie kwa bibi

Ukiingia barangay yoyote, yaani mtaa au kijiji chenye uongozi wake, katika mkoa wa Laguna, kusini mwa Manila, na begi la vitabu vya watoto mgongoni, watoto watakukimbilia. Utafurahi na kuona kazi imeanza. Nami niliona hivyo miezi yangu minne ya mwanzo. Nilikuwa mwanafunzi kutoka Tanzania, nikisoma kilimo Los Baños, na Jumamosi nilijitolea kwenye mfuko mdogo wa kugawa vitabu, ulioanzishwa na familia moja kumkumbuka mama yao, aliyekuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Haya nakuandikia wewe uliyealikwa na wenzako Wafilipino kufanya kazi kama hiyo, ili usipoteze miezi minne kama mimi.

Tulikuwa tunampa kila mtoto kitabu kimoja. Siku moja tukazunguka nyumba kwa nyumba kuuliza vinasomwaje. Vingi tulivikuta juu ya kabati, vimefungwa nailoni, havina hata alama ya kidole. Wazazi walikuwa wamevitunza kwa heshima zote. Kitabu cha shule kikipotea mzazi hutakiwa kukilipia, kwa hiyo mtu akipewa kitabu kizuri namna ile humkataza mtoto kukichezea. Hakuna aliyekosea pale isipokuwa sisi tuliotoa vitabu bila maneno. Siku hizi, ukiniuliza sentensi ya kwanza ya kujifunza kwa Kitagalogi, lugha ya kule, nitakwambia ni hii: kitabu hiki ni chenu, kikichanika hakuna neno. Mwambie mtu mzima, mbele ya mtoto, wote wawili wasikie.

Na huyo mtu mzima, mara nyingi, ni lola, yaani bibi. Baba yuko Saudia au kwenye meli, mama yuko Hong Kong au Dubai, na lola ndiye anayepika, anayeogesha na anayelaza. Ukimpa kitabu atakurudishia kwa upole na kukwambia macho yake mabovu. Usimkimbilie kumtafutia miwani, wala usimshikilie asome. Wengi wao macho yanaona vizuri tu. Waliacha shule mapema na wanaona aibu mbele ya mjukuu, na aibu hiyo ukiigusa vibaya, nyumba hiyo hutaingia tena.

Mlango wangu ulifunguliwa na neno dogo. Nilikaa kizingitini mwa nyumba moja nikiwasomea watoto watatu, na lola wao alikuwa pembeni anachambua mchele. Kitagalogi husomwa kama kinavyoandikwa, karibu sawa na Kiswahili, kwa hiyo nilikuwa nasoma nisichokielewa vizuri na bado nasikika. Nikafika kwenye neno "mga", linaloonyesha wingi. Nikalisoma kwa Kiswahili, m-ga. Lola, bila kuinua kichwa, akasema, "Manga." Ndivyo linavyotamkwa. Mstari uliofuata ulikuwa na "ng" iliyosimama peke yake. Nikasita. Akasema, "Nang." Basi nikamsogezea kitabu nikamwomba anionyeshe palipoandikwa. Akafuta mikono kwenye gauni, akaweka kidole. Alikuwa amejifunza abakada, ile ba-be-bi-bo-bu yao, akafika darasa la tatu. Tangu siku hiyo mimi nilikuwa mwanafunzi wake kila Jumamosi, na wajukuu walikuwa wanamwona bibi yao akimfundisha mgeni wa chuo kikuu kusoma.

Kwa hiyo nenda ukiwa na haja. Mwombe mtu mzima akusahihishe, na uwe unahitaji kweli, kwa sababu utahitaji. Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati moja: maneno yao kama "ngipin", jino, na "ngayon", sasa, yanaanza na ng' ya ng'ombe, ambayo wageni wengi huwashinda. Ukiitamka sawasawa watu wanafungua nyuso. Na jifunze "mano": unauchukua mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wako ukisema "mano po". Aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kuelezwa zaidi.

Kama lola hasomi kabisa, anza na hadithi anayoijua. Kule ni ya kobe na nyani waliookota mgomba. Nyani anachukua nusu ya juu yenye majani, kobe anabaki na ya chini yenye mizizi. Ya nyani inanyauka, ya kobe inazaa, na kobe hawezi kupanda. Nyani anapanda kumsaidia kisha anazila ndizi zote. José Rizal, mwandishi na shujaa wa taifa lao, aliichapisha hadithi hiyo kwa Kiingereza, London, mwezi wa Julai 1889, ndiyo maana Jumanne ya tatu ya Julai ni siku yao ya vitabu vya watoto. Mwache bibi asimulie mpaka mwisho, ndipo ufungue kitabu. Watoto watagundua kuwa karatasi inasema aliyoyasema bibi. Wengine watabishana: kobe alizungushia mgomba miiba au magamba ya konokono? Waache wabishane. Mtoto anayekibishia kitabu ameshaanza kukisoma.

Kuhusu lugha nina msimamo, na najua wenzangu wengine hawaupendi. Utapokea maboksi ya vitabu vya Kiingereza kutoka Marekani na Kanada, vimetumwa kwa moyo safi na ndugu walio ughaibuni. Vingi ni vya theluji na vya watoto wenye vyumba vyao peke yao. Pokea, shukuru, chagua vichache. Pesa ukiipata, nunua vya Kitagalogi, na ukiwa Visayas, visiwa vya katikati ya nchi, tafuta vya lugha ya pale. Mwaka 2018, kwenye PISA, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, Ufilipino ilipata alama 340 katika kusoma, ya chini kuliko nchi zote 79 zilizoshiriki, na mwaka 2022 ilipanda hadi 347 tu. Sheria ya 2013 ilikuwa imeweka lugha ya mama kuwa lugha ya kufundishia mpaka darasa la tatu. Sheria ya 2024 ikauondoa ulazima huo. Mimi nasoma hapo kwamba mzigo umerudi nyumbani. Lola hawezi kumsomea mjukuu kwa lugha asiyoiota.

Mambo ya utawala hayachoshi. Anza kwa kapitan, yaani kiongozi wa barangay, kabla hujagawa chochote. Sheria namba 7743 ya 1994 inataka kila barangay iwe na kituo cha kusomea, na barangay zenyewe ni zaidi ya 42,000, kwa hiyo unapoomba kona ya jengo lake unamsaidia kutimiza wajibu wake. Vitabu viweke kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko, kwa ajili ya vimbunga. Kapu moja liache kwenye duka la mtaani, mahali watu wanaponunulia sabuni.

Na kuna familia ya yule mwalimu marehemu. Hawa usiwaone kama wafadhili. Walianzisha mfuko siku ya babang-luksa, mwaka mmoja baada ya msiba, familia inapovua nguo za matanga, kwa sababu hawakujua vitabu vya mama wavipeleke wapi. Kabla hujawaletea ripoti, waulize alikuwa anasomaje, sauti gani, hadithi gani. Watakaa na wewe mpaka usiku. Hernando Guanlao, kule mtaa wa Balagtas, Makati, aliwaenzi wazazi wake mwaka 2000 kwa kutoa vitabu visivyofika 100 nje ya nyumba yake, bila kadi wala faini. Achukuaye achukue, arudishaye arudishe. Vikaongezeka mpaka vikajaa ndani na kwenye ngazi. Hakuhitaji kubandika picha za wazazi kwenye kila jalada, na nasi tuliishauri familia ya mwalimu vivyo hivyo. Walikubali kwa shida.

Tarehe 1 Novemba Wafilipino huenda makaburini na mishumaa na vyakula, wakakaa mpaka usiku. Ukialikwa, nenda. Mwaka wangu wa pili nilikwenda, na yule lola wa "manga" alikuja na wajukuu wake watatu. Alikuwa amebeba kitabu cha kobe na nyani, pembe zake zimeshaliwa na mikono. Alikaa kwenye ukingo wa kaburi la mwalimu ambaye hakuwahi kumwona, akasoma polepole, kidole kwenye mstari, na mjukuu mdogo akamshikia mshumaa.