Utenzi wa Dante: zisome kanto tatu kwa pamoja

Divina Commedia, utenzi wa mshairi Mwitaliano Dante kuhusu safari yake katika ulimwengu wa wafu, ina kanto (sura za utenzi) 100: Jehanamu 34, Toharani (mahali pa kusafishwa dhambi) 33, Peponi 33. Kanto ya ziada ya Jehanamu ni ile ya kwanza, utangulizi wa utenzi mzima. Sehemu zote tatu zinafungwa kwa neno moja, stelle, nyota. Ukishausoma utenzi huu mara moja hadi mwisho, rudi uzisome kanto zenye namba moja, tatu kwa tatu. Mengi aliyoyapanga Dante hayaonekani kwa njia nyingine.

Anza na kanto za 6. Zote tatu ni mistari 400 hivi, kazi ya jioni moja. Jehanamu, mlafi Ciacco, anayenyeshewa mvua chafu, anaeleza fitina zinazoirarua Firenze, mji wa Dante. Toharani, Virgil, mshairi wa Roma ya kale anayemwongoza Dante, na mshairi Sordello wanakumbatiana kwa sababu tu wote ni watu wa mji wa Mantova, na hapo Dante anaacha simulizi na kuikemea Italia nzima. Peponi, Kaisari Justinian anasimulia safari ya tai, nembo ya dola ya Roma, na kanto yote ni maneno yake peke yake. Mji, nchi, dola. Chora jedwali la safu tatu. Kwa kila kanto andika nani anasema, analaumu nini, na maneno gani yanarudi. Hayo maneno yanayorudi yape nafasi kubwa kuliko mengine.

Kanto za 26 ni ngumu zaidi, na kwetu ndizo tamu zaidi. Jehanamu, Ulysses, shujaa wa hadithi za Wagiriki, aliyefungwa ndani ya ulimi wa moto, anasimulia alivyozipita nguzo za Hercules (mlango-bahari wa Gibraltar), zilizowekwa ili binadamu asisonge mbele. Toharani, washairi walioshindwa na tamaa ya mwili wanatembea motoni wakisafishwa, na Guido Guinizelli anakiri kwamba hawakushika sheria ya kibinadamu. Peponi, Adamu anasema kilichomponza hakikuwa kulionja tunda, bali kuvuka mpaka aliowekewa.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakiona namba zimekubali mara mbili, wanazilazimisha kila mahali. Dua ya kuomba msaada wa kutunga iko kanto ya 2 Jehanamu, lakini iko kanto ya 1 Toharani na Peponi, kwa sababu ya ule utangulizi; mbili za kwanza zinawaomba Muza, miungu wa kike wa sanaa, na ya Peponi inamwomba Apollo, mungu wa ushairi. Tena jozi mojawapo yenye nguvu kabisa haina namba inayolingana. Guido da Montefeltro, jemadari aliyegeuka mtawa, yuko Jehanamu, kanto ya 27. Mwanawe Buonconte, aliyeuawa vitani Campaldino mwaka 1289, yuko Toharani, kanto ya 5. Baba alifia ndani ya joho la Wafransisko, Mtakatifu Fransisko mwenyewe akaja kumchukua, lakini shetani akamnyakua kwa hoja: asiyetubu hawezi kuondolewa dhambi. Mwana alikata roho akilitaja jina la Maria. Malaika akamchukua, na shetani akabaki kulalamika kwamba amenyang'anywa kwa ajili ya kichozi kimoja. Asiyezisoma kanto hizi mbili pamoja amepata nusu tu ya kila moja.

Kwa hiyo namba ni dokezo; ushahidi utafute kwenye maneno yenyewe, na kwa hilo weka Kiitaliano pembeni hata kama hukijui. Mfasiri akitafsiri kauli moja kwa namna mbili, mwangwi unapotea. Vina vitakuongoza: kina cha mstari wa kati katika kila ubeti wa mistari mitatu ndicho kina cha mstari wa kwanza na wa tatu wa ubeti unaofuata. Ulysses anasema meli yake ilizama com'altrui piacque, kama alivyopenda mwingine. Mwishoni mwa Toharani kanto ya 1, kwenye ufuko ambao hakuna aliyewahi kusafiri majini mwake akarudi, Virgil anamfunga Dante unyasi kiunoni, na maneno ni yaleyale: com'altrui piacque. Tazama na vina vinavyoyazunguka. Kwa Ulysses ni nacque, acque, piacque: kimbunga kinazaliwa, maji yanaizungusha meli. Kwa Dante ni acque, piacque, rinacque: unyasi uliong'olewa unazaliwa upya palepale. Ukikuta vina vitatu vimekubaliana hivyo, jaza jedwali lako bila wasiwasi, hata kama namba za kanto zinapishana.