Vesta inaonekana bila darubini kweli?

SWALI: Habari mhariri, mdogo wangu anasema kati ya Mirihi na Mshtarii kuna mawe kibao yanazunguka jua, eti moja linaitwa Vesta na unaweza kuliona kwa macho tu. Ni kweli au ananipiga fiksi? Na nani aliligundua?

JIBU: Hakupigi fiksi, mpe hongera zake! Vesta iligunduliwa tarehe 29 Machi 1807 na Heinrich Olbers, daktari wa Bremen kule Ujerumani, mchana anatibu watu usiku yuko ghorofani kwake na darubini, jina akamwachia mwanahisabati Gauss achague. Ndo asteroidi, yaani hayo mawe yanayozunguka jua, inayong'aa kuliko zote, kwa hiyo ikiwa karibu na sisi na uko mbali na taa za mji unaiona kama kinyota hafifu.

Upana wake ni kama kilomita 525 na inajizungusha kwa masaa matano na kitu. Ila mimi kinachonishangaza mpaka leo ni lile shimo la kusini, Rheasilvia, lina upana wa kama kilomita 500 yaani karibu sawa na Vesta yenyewe, na katikati umesimama mlima wa zaidi ya kilomita 20, bebanisha Kilimanjaro tatu bado hazifiki! Chombo cha anga za juu cha NASA kiitwacho Dawn kiliyapiga picha hayo yote 2011 hadi 2012.

Na vipande vyake vinatufikia. Kimondo kilichoanguka Tatahouine, Tunisia, mwaka 1931, wataalamu wanaamini kimetoka huko, kina chembe za kijani hafifu.